Huna ua? Pa kuchajia gari la umeme mjini Unguja, kwa mpangilio

Mwenye nyumba na ua wake Mbweni au Fuoni hana shida kubwa, atachaji kwake. Nawaandikia wakaazi wa majumba ya Michenzani na wa Mji Mkongwe, ambao gari linalala mbali na mita. Kwenu nyinyi, kabla ya kuuliza bei ya gari, ulizeni litachajiwa wapi.

Ya kwanza kwa ubora, tena kwa mbali: soketi ya kawaida pale gari linapokaa saa nyingi. Kazini, au kwenye maegesho yenye mlinzi. Watu wanaidharau kwa sababu ni ya polepole. Lakini piga hesabu. Plagi yetu ya pini tatu ni ya ampia 13, na kwa kazi ya saa nyingi chaja iwekwe ampia 10. Kwa volti 230 hiyo ni kilowati 2.3, yaani saa kumi ni uniti 23. Mjini hadi Paje ni kama kilomita 50. Hata ukitoa umeme unaopotea kwenye kuchaji, gari dogo linakwenda na kurudi. Kisiwa chote kina urefu wa kilomita 85 hivi. Kasi ya nini?

Zungumza na mwenye pahala akuwekee mita ndogo pembeni, umrudishie fedha ya Tukuza (umeme wa kulipia kabla) kwa uniti ulizotumia. Soketi iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye bodi, na erthi ya kweli. Hewa ya chumvi inakula shaba, kwa hiyo baada ya nusu saa chomoa, gusa plagi. Ikiwa ya moto, usiendelee hapo mpaka fundi aitengeneze.

Ya pili: chaja ya ukutani ya kilowati 7, hotelini au kwenye maduka. Ni nzuri, ila hakikisha gari lako linaweza kuipokea. Nissan Leaf nyingi za zamani kutoka Japani zina chaja ya ndani ya kilowati 3 na kitu, hazipokei zaidi hata uzichomeke wapi. Hapo ukitozwa kwa saa unaumia. Dai kulipa kwa uniti. Tena tundu la Leaf hizo ni la umbo la Taipu 1, na chaja nyingi za ukutani ni Taipu 2, kwa hiyo waya wa kuunganisha uwe kwenye buti.

Ya tatu: chaja ya kasi. Ya dharura tu. Leaf hizo za zamani zinataka plagi ya CHAdeMO, magari yaliyotengenezwa kwa soko la China yanataka GB/T, ya Ulaya CCS2. Plagi isiyolingana haikusaidii kitu. Na betri ya Leaf hizo haina mfumo wa maji wa kuipoza. Kuisukumia umeme mwingi mchana wa Februari, gari limetoka shamba sasa hivi, ni kuichosha kabla ya wakati wake. Ikibidi, subiri jua lipoe, na ishia asilimia 80, maana juu ya hapo kasi yenyewe hupungua.

Ya mwisho: ekstensheni kutoka dirishani au dukani kwa jirani. Nakusihi, usifanye. Waya mwembamba ulioning'inia kutoka ghorofa ya tatu, ukibeba ampia 10 usiku kucha huku watoto wanacheza chini, ni moto unaosubiri siku yake.

Kila unapokwenda, uliza pia umeme ukikatika inakuwaje. Umeme wa Unguja unatoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, na aliyekuwepo Desemba 2009 anaikumbuka miezi mitatu ile ya giza. Waya mkubwa zaidi wa megawati 100 umekuja 2013, lakini mimi bado siachi betri ishuke chini ya theluthi. Hoteli nyingi zina jenereta, ila uliza kama inalisha na soketi za nje au vyumba tu.