Stabilaiza ya Matundu au ya Kawaida? Ushauri kwa Dereva wa Nakuru

Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, tena hapa Naivasha ndani ya kaunti yetu, kila kijana mwenye Subaru anataka stabilaiza yenye matundu. Hata mimi nilikuwa mmoja wao.

Stabilaiza ni chuma kilichopinda kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Gari likiingia kona, bodi hulalia upande wa nje, na chuma hicho hujisokota kulizuia. Ya kawaida ina tundu moja kila mwisho. Ya kurekebishwa ina mawili, matatu au zaidi. Ukihamisha linki, yaani kijiti kinachounga mwisho wa chuma hicho na upande wa gurudumu, hadi tundu la ndani, mkono unafupika na chuma kinakuwa kigumu.

Sasa nipange machaguo kadiri ninavyoona.

La kwanza si chuma kipya hata kidogo. Nunua bushi (raba zinazoshikilia chuma kwenye gari) na linki mpya za stabilaiza uliyonayo. Ukisikia ko-ko-ko ukipita mashimo madogo, linki zimeisha, na gari lenye linki zilizoisha hulala kwenye kona hata kama chuma chenyewe kizima. Badilisha pande zote mbili kwa pamoja. Wengi huishia hapa wakiwa wameridhika.

La pili, na ndilo ningemshauri ndugu yangu: stabilaiza ya kawaida, nene kidogo, ya nyuma. Magari mengi tunayoendesha yametengenezwa yasukume pua nje ya kona, kwa hiyo ukianza kuongeza ugumu mbele unazidisha tabia hiyo. Usidanganywe na udogo wa namba. Kutoka unene wa milimita 20 hadi 24, chuma kikiwa hakina uwazi ndani na umbo ni lile lile, ugumu unazidi maradufu. Kwa mwenye Vitz, chungulia chini kwanza: mhimili wa nyuma wenyewe hujisokota, na huenda usipate stabilaiza ya kubadilisha.

La tatu ni ya matundu. Niliinunua ya nyuma kwa Forester yangu, muuzaji akaniambia tundu la ndani ndilo "la wanaume". Kutoka hapa hadi Salgaa gari lilishika kona kama limegundishwa. Tulipopita Londiani kuelekea Kericho mvua ikatukuta, nikaachia mafuta ghafla katikati ya kona, mkia ukatoka. Mke wangu hakusema neno mpaka Ahero. Fundi wangu alicheka tu: "Mzee, umeikaza sana." Akairudisha tundu la nje, na huko imekaa hadi leo. Ndiyo maana naiweka ya tatu: chuma si kibaya, lakini ni pesa za matundu ambayo hutayagusa. Kama unashindana wikendi, au uko tayari kuingia chini ya gari na spana, kujaribu tundu moja moja kwenye barabara unayoijua, hapo inakufaa kuliko ya kawaida. Kama gari limeshushwa au kuinuliwa, ongeza linki za kurekebishwa, kwa sababu zile fupi au ndefu kupita kiasi huacha chuma kikiwa kimekaa kwa pembe isiyofaa hata gari limeegeshwa.

Anayeshinda kwenye changarawe za Njoro au Olenguruone aachane na chuma kinene, cha aina yoyote. Gurudumu moja likiingia shimoni, stabilaiza ngumu hulivuta na mwenzake. Gari linayumba kichwa kushoto-kulia, na kwenye mitaro gurudumu moja linaweza kuelea.

Bushi za plastiki ngumu hulia kama mlango wa kijijini zisipopakwa grisi yake, basi idai dukani kabla hujalipa. Na fundi asikaze bolti za mwisho gari likiwa linaning'inia kwenye jeki; lishushwe, lisimame kwa magurudumu yake, ndipo akaze.