Kuziba jino la mbele Mwanza: mara ya kwanza niliaibika, mara ya pili nimeridhika

Nilivunja kona ya jino la mbele nikifungua soda. Najua, msiniseme.

Mara ya kwanza niliziba kliniki moja hapa mjini, jioni, taa za tyubu zinawaka. Daktari akalichonga jino, akalipuliza upepo likakauka, akajaza pamba mdomoni, ndipo akachagua rangi. Kwenye kioo nikaona pameziba vizuri. Kesho yake dukani Makoroboi, mteja akaninong'oneza kwa huruma: "Dada, una chembe ya ugali jinoni."

Haikuwa ugali.

Kinachoniuma ni kwamba mimi nauza vitenge. Kila siku namwambia mteja atoke na kitambaa akakione juani kabla hajachagua uzi, maana kwenye taa ya dukani damu ya mzee na kahawia ni ndugu. Na kitambaa kikilowa hukoza, kikikauka hupauka. Kumbe jino nalo ni vivyo hivyo: likikaushwa huwa jeupe zaidi, na huchukua saa kadhaa kurudia rangi yake. Yule daktari alilinganisha na jino lililopauka. Jino langu likarudi lilikotoka, kiraka kikabaki kinang'aa peke yake.

Kliniki ya pili ipo upande wa Kirumba. Jina sitaji, msije mkasema nimelipwa. Kabla hata ya sindano, dokta aliniambia nifute lipstiki, akafunika kitenge changu chekundu kwa kitambaa cha kijivu, akanisogeza dirishani. Akatoa kipimo cha rangi za meno cha VITA, vijino vya mfano 16 kuanzia A1 hadi D4: A zina wekundu wa kahawia, C ni za kijivu. Kila kijino alikisogeza sekunde chache tu kisha akatazama pembeni, eti macho yakikodolea rangi moja yanaizoea. Langu likatoka A3 karibu na ufizi na A2 kwenye ncha. Sikujua jino moja lina rangi mbili!

Halafu akabandika punje ya kompoziti, ile dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino, juu ya jino bila gundi, akaimulika ule mwanga wa buluu ikawa ngumu, akaitazama, akaibandua. Nyingine hubadilika rangi zikishakauka, akasema. Punje ya pili ndiyo aliyoikubali. Akajenga kwa tabaka, la ndani zito lisilopitisha mwanga na la nje linalopitisha mwanga kidogo, la sivyo weusi wa mdomoni huonekana kwa nyuma na jino linakuwa la kijivu.

Kasoro? Nilisubiri saa mbili nzima kwenye benchi, na elfu tisini walitaka taslimu. Pia nilikatazwa chai ya rangi na manjano siku mbili.

Wiki iliyopita yule mteja wa ugali alirudi. Nikamchekea mdomo wazi, makusudi, tukiwa nje juani. Akauliza bei ya kitenge.