Mahamri na mbaazi, kibanda cha uchochoroni Kibokoni, Mombasa

Miezi minane nilikuwa sitoki ndani. Ndugu yangu akibisha hodi, nanyamaza mpaka achoke. Wapo waliosema nina kiburi, wapo waliosema nimerogwa. Ilikuwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Daktari alinipa dawa, ambazo zilichukua wiki kadhaa kushika, na akanipa kazi moja: kila siku saa ile ile niende mahali pamoja nikae dakika kumi, moyo ukitaka usitake. Nisingoje hamu irudi ndipo nitoke, alisema. Kwa ugonjwa huu hamu huja nyuma ya kitendo.

Nilichagua kibanda hiki kwa kuwa ndicho kilicho karibu na mlango wangu. Hakina jina. Kuna karai, sufuria ya mbaazi na mabenchi mawili.

Mbaazi ni za tui zito la nazi ya kukuna, zimeiva hazikupondeka, chumvi kiasi chake. Hamri limefura vizuri, ndani wazi, na iliki unainusa kabla hujakunja kona. Hamri moja shilingi 10, sahani ya mbaazi 50.

Lakini ninalolisifu zaidi ni lile benchi la ukutani. Limeelekea njia, kwa hivyo hutazamani na mtu, na bado umo kati ya watu. Wiki ya kwanza niliagiza kwa kuonyesha vidole viwili tu. Mama muuzaji hakuniuliza kitu. Siku ya tatu walikuja wanaume wengi wakicheka, kifua kikanibana, nikainuka. Akasema, "Sahani yako naifunika, mwanangu." Nilizunguka mtaa mpaka Ndia Kuu, nikarudi, nikaikuta imefunikwa.

Moshi upo, utanuka nguo. Saa tatu mbaazi zimekwisha. Jumamosi watoto wa madrasa hujaa. Ikiwa watu wengi wanakulemea, nenda saa kumi na mbili na nusu, waliotoka kuswali alfajiri wakishatawanyika.

Juzi nilikosa siku mbili. Nilipotokea mama muuzaji akanikunjia uso: "Jana nilikuwekea mawili, yakapoa."

"Nilikuwa mgonjwa, mama. Ugonjwa wa moyo kuwa mzito, hata mlango siwezi kuufungua."

Sikuwahi kumwambia hayo mtu yeyote nje ya hospitali. Akasogeza kikapu kilichokuwa kwenye benchi, akapangusa mahali pangu kwa kitambaa, akateka mbaazi.