Snokeli yenye bakuli la vumbi kwenye Hilux ya 3L: uzoefu wangu

Hilux yangu ni toleo la LN106 yenye injini inayoitwa 3L (ni jina lake, si lita), dizeli ya cc 2779 isiyo na turbo. Inatoa mahindi mashambani Kiteto kupeleka soko la Kibaigwa, kwa hiyo kiangazi chote inashinda kwenye vumbi. Nilipotaka kuboresha njia yake ya hewa, mafundi wengi niliowauliza walinishauri nifunge filta ya wazi, ile ya umbo la koni inayokaa ndani ya boneti bila boksi, eti gari litaongezeka nguvu. Sikukubali. Nilifunga snokeli, lile bomba linalopanda nje ya gari hadi juu ili injini ivute hewa ya juu, nimeitumia msimu mzima wa mavuno, na naandika haya kwa sababu naona injini nzuri zikiuawa bure.

Kwenye dizeli ya aina hii nguvu inatoka kwenye mafuta. Pampu ndiyo inayopima yanayokwenda kwenye nozeli zinazonyunyizia mafuta kwenye injini, na kwa kipimo hicho hewa inayopita kwenye eya klina (boksi la filta ya hewa) ya kiwandani inatosha, mradi filta haijaziba. Ukipanua njia ya hewa bila kugusa pampu utapata mngurumo tu. Tena koni imekaa pembeni ya injini, inavuta hewa ya moto, na hewa ya moto ni nyepesi. Gari likichoka mlimani huku likitoa moshi mweusi, anza na filta, kisha nozeli.

Kinachoua injini hizi huku kwetu ni mchanga laini. Ukipenya filta unasugua ringi za pistoni na silinda mpaka zinalika. Injini inaanza kula oili, inapumua kwenye kifuniko cha oili, moshi unageuka bluu, na hapo unaitwa kwenye ovaholi, yaani kufumua injini nzima. Jirani yangu mkulima anatumia filta ya pamba inayopakwa mafuta. Tulipofungua bomba lake baada ya filta nikapitisha kitambaa cheupe, kilitoka na utando wa vumbi jekundu. Kwangu mimi huo ulikuwa ushahidi wa kutosha. Na wenye gari lenye sensa ya hewa wana shida nyingine: mafuta yakizidi kwenye pamba huenda kuichafua sensa.

Snokeli niliyonunua ni ya kuiga, ya plastiki, kwa sababu ile ya Safari kutoka Australia bei yake ilinishinda. Juu yake sikuweka kile kichwa cha kawaida kinachotazama mbele, niliweka bakuli la vumbi. Wenye matrekta wanalijua. Hewa inaingia kupitia mapanga yaliyolala mshazari, inazungushwa kwa kasi, vumbi zito linatupwa ukutani na kuanguka kwenye bakuli la plastiki angavu. Safari moja nyuma ya malori ya mahindi na robo ya bakuli imejaa vumbi laini kama unga uliochekechwa. Hilo lote zamani lilikuwa linaishia kwenye filta.

Ndani ya boksi nimebakiza filta ya karatasi, orijino. Za feki utazijua kwa mikunjo isiyolingana na mpira wa ukingo mwembamba usiokaa vizuri. Zamani nilikuwa naipuliza filta kila nikirudi. Sasa naiacha ikae muda mrefu, na ndivyo inavyotakiwa, maana filta iliyoshika vumbi kidogo inachuja vizuri kuliko mpya, na kila ukifungua boksi unakaribisha uchafu. Ukilazimika kuipuliza, upepo uwe mdogo na utoke ndani kwenda nje. Kompresa la gereji likifunguliwa lote linatoboa karatasi.

Sasa ubaya wake. Matundu ya boliti kwenye fenda hayakulingana na karatasi ya vipimo iliyokuja na snokeli, na fundi alitoboa upya. Boliti zilizokuja nayo zilianza kutu mapema, nikabadilisha. Baya zaidi ni maungio: kile kipande kinachopita kwenye fenda kilikuwa kinavuja. Tuligundua kwa jaribio ambalo nawasihi mlifanye kabla ya kumlipa fundi. Washa gari, liache lingurume taratibu bila kukanyaga mafuta, halafu ziba mdomo wa snokeli kwa kipande kizima cha tyubu ya tairi. Injini inatakiwa ikabwe na kuzima. Yangu iliendelea kunguruma bila wasiwasi, maana yake ilikuwa inapata hewa mahali pengine. Tulifungua, tukapaka silikoni kila ungio, tukabadilisha mpira unaotoka kwenye boksi kwenda kwenye injini kwa sababu ulikuwa na nyufa upande wa chini usioonekana, tukakaza klipu. Jaribio la pili injini ilizima papo hapo.

Kwa kuvuka maji, kama maungio hayajazibwa hivyo usijidanganye kwamba una snokeli. Silinda ikimeza maji inapinda koneka, ule mkono unaoshika pistoni, hata mto uwe mdogo kiasi gani.

Bakuli lenyewe linagongwa na matawi ya migunga na jua linalikausha, kwa hiyo nunua la akiba siku hiyohiyo. Kama gari lako haliachi lami, pesa ya snokeli nunulia filta orijino na mpira mpya wa hewa, utabaki na chenji ya kubadilisha oili.