Dume au jike? Kuchagua mtoto wa mbwa wa kushindana IGP

Kwa anayenunua German Shepherd au Malinois wake wa kwanza wa mashindano, namba moja kwangu ni jike. Ila awe wa wazazi wa kazi. Dume wa wazazi waliofaulu uwanjani namchukua kabla ya jike ambaye mama yake ana vikombe vya maonyesho ya urembo peke yake.

IGP, mchezo wa Kijerumani ulioitwa IPO hadi 2019, una sehemu tatu: kufuata nyayo kwa harufu, utii na ulinzi. Kila moja ina alama 100, na ukikosa 70 hata katika moja umeanguka.

1. Jike wa ukoo wa kazi. Kiwango cha FCI, shirikisho la kimataifa la mbwa, kinampa German Shepherd jike kilo 22 hadi 32, na dume 30 hadi 40. Kwenye kuruka, kilo hizo zinaonekana: jike anatua mwepesi na mabega yake hayaumii sana. Wengi pia hutulia kiakili mapema.

Bei yake ni joto, yaani kipindi cha kutaka dume. Kwa kawaida hulipata kama mara mbili kwa mwaka, wiki mbili hadi tatu kila mara. Kanuni zinamruhusu kushindana, lakini anatengwa na wenzake, na zamu yake ya utii na ulinzi inakuja mwisho kabisa. Basi anashinda garini akisikia wenzake wakibweka uwanjani, na wewe ndiwe wa kumtoa akiwa bado na hamu. Miezi miwili baadaye wengine hupata mimba ya uongo: anakusanya midoli kitandani na hataki kazi. Andika tarehe zake zote kabla ya kujiandikisha popote.

2. Dume wa ukoo wa kazi. Ana nguvu, mng'ato mzito, na kalenda yake haina mapengo. Mpe mtu aliyekwisha fundisha mbwa, maana ujana wa dume ni mrefu, na mkojo wa jike aliyepita shambani unaweza kumtoa kwenye nyayo.

3. Yeyote unayepanga kumhasi mapema. Huyu simshauri mtu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliotolewa 2016, ulikuta matatizo ya viungo kwa asilimia 21 ya German Shepherd madume waliohasiwa kabla ya mwaka mmoja, dhidi ya 7 kwa wasiohasiwa.

Kama nyumbani tayari kuna jike, nunua dume. Majike wawili wakigombana, mara nyingi ugomvi wao hauishi.

Nenda uwaone watoto wa mbwa wakiwa na wiki saba hivi. Buruta kitambaa mbele yao, kisha dondosha funguo sakafuni. Unamtaka anayeshtuka, akarudi mwenyewe kuzinusa, halafu akang'ang'ania kitambaa tena. Eksirei za nyonga za baba na mama ziombe kabla hujatoa kishika uchumba.