Dayodi Pekee au Kidhibiti cha MPPT kwa Mtambo Mdogo wa Upepo?

Mtambo mdogo wa upepo usiounganishwa na gridi huzalisha mkondo geu ambao volti na masafa yake hubadilika pamoja na upepo, hivyo ni lazima ugeuzwe kuwa mkondo mnyoofu kabla ya kuingia kwenye betri. Njia ya kwanza ni rektifaya (kifaa cha kufanya ugeuzaji huo) ya dayodi sita, yaani vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, inayofungwa moja kwa moja kwenye betri. Ni rahisi kuitengeneza, lakini betri huishikilia volti karibu pale pale, na kwa kuwa volti ya jenereta hufuata mzunguko wake, mapanga huzuiwa kuongeza kasi hata upepo unapovuma zaidi. Hasara hiyo si ndogo, kwani upepo ukipanda kutoka mita 4 hadi 8 kwa sekunde, nguvu iliyomo huongezeka mara 8. Dayodi zenyewe hupoteza takriban volti 1.4, jambo linaloumiza kwenye betri ya volti 12 kuliko ya volti 48.

Njia ya pili ni kidhibiti cha MPPT, kifaa cha kielektroniki kinachotafuta muda wote volti inayotoa nguvu nyingi zaidi; huyaacha mapanga yazunguke kwa kasi inayoufaa upepo uliopo. Hata hivyo, kikiharibika na kukata mzigo, rota (sehemu inayozunguka pamoja na mapanga) hubaki huru na kuzunguka kwa kasi ya hatari. Ndiyo maana kidhibiti cha kawaida cha sola, ambacho hukata tu betri inapojaa, hakifai hapa. Njia zote mbili huhitaji vipinga vya kumwagia umeme wa ziada. Mahali ambapo fundi yuko mbali, ningechagua dayodi na betri za volti 48.