Ziara ya mashua katika Bosporus: maji mawili, njia moja

Nilipanda mashua hii ya watalii Istanbul, kwenye Bosporus, mlango-bahari unaounganisha Bahari Nyeusi na Bahari ya Marmara, kwa nia ya kuyaona majumba ya kale, lakini kilichonishika ni maelezo ya kiongozi wetu juu ya maji yenyewe. Bahari Nyeusi hupokea mito mikubwa kama Danube, na kwa hiyo maji yake ya juu, yenye takriban gramu 18 za chumvi kwa kilo, humiminika kusini kuelekea Bahari ya Marmara, ilhali chini yake maji mazito ya asili ya Mediterania, yenye chumvi karibu maradufu, hupanda kaskazini.

Kiongozi alitwaa kisanduku cha kioo chenye ukuta wa kati uliotobolewa juu na chini, akatia upande mmoja maji ya chumvi yaliyotiwa rangi ya buluu na upande wa pili maji yasiyo na chumvi, kisha akazibua matundu. Buluu ikatambaa chini taratibu, na maji meupe yakarudi kwa juu. Jaribio la namna hiyo lilifanywa na Mwitalia Luigi Ferdinando Marsigli, aliyefika mjini humo mwaka 1679 na kuusikia mkondo wa chini kwa wavuvi. Nilifurahi mno kwamba wavuvi hawakusahauliwa.

Kasoro ni kipaza sauti: tulipopita Arnavutköy, mkondo unapokwenda kwa kasi, injini ilimeza maneno yote. Kaeni mbele, karibu na kiongozi.